Kabla hujaandika kwamba mgombea "anajali elimu"

Kila mgombea anajali elimu. Muulize wa Ujiji, muulize wa Kibondo, jibu ni lile lile, kwa hiyo sentensi hiyo haimsaidii mpiga kura kwa lolote. Wewe unayeanza kuwafuatilia wagombea wa Kigoma kwa ajili ya redio, asasi au utafiti wa chuo, tafuta pale mtu alipolazimika kuchagua: fedha ziende wapi, nani arudi darasani, nani achangie. Kumbukumbu hizo zipo kwenye nyaraka za umma, na nyingi zinahitaji bando na uvumilivu tu.

Usianze na "elimu". Anza na suala moja, mfano wanafunzi waliopata ujauzito kurejea shuleni, michango ya wazazi, mabweni au lugha ya kufundishia. Kisha andaa kalenda ya sera yenyewe kabla hujamgusa mgombea. Elimu bila malipo hadi kidato cha nne ilianza Januari 2016. Kidato cha tano na sita vikaingizwa mwaka 2022. Juni 2017, pale Chalinze, Rais Magufuli alisema mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali. Novemba 2021 serikali ikafungua mlango. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inataka elimu ya lazima ya miaka 10. Bila kalenda hiyo utampongeza mtu kwa maoni aliyoyatoa serikali ikiwa imeshaamua. Aliyetetea wasichana kurudi shuleni mwaka 2018 na aliyepiga makofi mwaka 2022 wanaweza kuwa wametumia maneno yale yale. Uzito si mmoja.

Kwa aliyewahi kuwa mbunge, chanzo kikuu ni Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, zilizopo kwenye tovuti ya Bunge kwa mkutano, kikao na tarehe. Ukurasa wa mbunge utakuonyesha pia idadi ya maswali na michango yake. Idadi hiyo isikuroge, soma maneno.

Wengi hukwama kwa sababu wanasoma hotuba za Wizara ya Elimu peke yake. Madarasa, matundu ya vyoo, nyumba za walimu na mgawanyo wa walimu wa msingi na sekondari ni mambo ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mitaala, mitihani, vyuo na mikopo ya elimu ya juu ni ya Wizara ya Elimu. Mbunge anayeonekana bubu mwezi Mei kwenye bajeti ya Elimu huenda alisema yote Aprili kwenye TAMISEMI. Ukirudi kabla ya mwisho wa 2015, TAMISEMI ilikuwa Ofisi ya Waziri Mkuu, na wizara iliitwa Elimu na Mafunzo ya Ufundi, basi badili maneno ya kutafutia. Jimbo nalo halibebi jina la wilaya kila mara: wa Kibondo anaandikwa Muhambwe, wa Kakonko kwa miaka mingi aliandikwa Buyungu, wa Uvinza Kigoma Kusini. Mbunge wa viti maalum hana jimbo kabisa, mtafute kwa jina. Na usiishie kwenye waliosimama kuzungumza. Michango ya maandishi huchapwa humo humo ndani ya Hansard, na aliyekosa dakika za kusema mara nyingi ameandika kirefu zaidi.

Sasa kusoma kwenyewe. Swali la aina ya "Je, ni lini Serikali itajenga bweni katika sekondari fulani ya mwambao wa Ziwa Tanganyika?" ni ombi la jimbo. Ni kazi halali ya mbunge, ila halikuambii anaamini nini. Shuka kwenye swali lake la nyongeza. Akiuliza kwa nini mabweni yanawategemea wazazi wakati elimu inaitwa bila malipo, hapo ameingia kwenye sera. Akishukuru na kuomba Naibu Waziri aambatane naye kwenda kuona, bado ni ombi.

Sehemu tunayoipenda kuliko zote ni Kamati ya Matumizi, mwishoni mwa mjadala wa kila wizara, pale mbunge anapotishia kutoa shilingi kwenye mshahara wa waziri ili kumbana atoe jibu. Andika alidai nini, waziri aliahidi nini, wenzake waliomuunga mkono walisema nini, na kama aliirudisha shilingi, aliridhika na jibu lipi. Kurasa mbili tatu za hapo zina faida kuliko mahojiano ya saa nzima. Kura zitakusaidia kidogo tu: maamuzi mengi ya Bunge hupitishwa kwa sauti ya "ndiyo" na "siyo", na kura ya kuitwa majina mwezi Juni ni ya bajeti nzima ya Serikali. Usiandike kwamba fulani "alipinga fedha za walimu" kwa sababu alikataa bajeti yote.

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ni kipimo kizuri kwa sababu mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati inayochagua miradi. Omba halmashauri orodha ya miradi ya kila mwaka, kisha linganisha mabati ya madarasa na madawati dhidi ya mengineyo. Hapa jihadhari: mabati ya mfuko huo mara nyingi hutangazwa kama zawadi ya mheshimiwa. Ni fedha ya umma.

Aliyekuwa diwani mtafute kwenye mihtasari ya Baraza la Madiwani na ya kamati inayosimamia elimu. Ukinyimwa kwa mdomo, andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa raia haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Taja kikao na mwaka, maana "naomba mihtasari yote" ni kujitafutia danadana. Peleka nakala mbili masijala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Bila muhuri, siku 30 hazina mwanzo. Kama uchaguzi uko karibu, barua iende mapema.

Ilani iweke faili lake. Ni ahadi ya chama, na mgombea anaweza kuinadi bila kuiafiki.

Kwenye daftari kila dai liwe na tarehe, mkutano na kikao, ukurasa, maneno yake yenyewe, kisha tafsiri yako kwenye safu tofauti. Ukizichanganya, baada ya wiki utamnukuu kwa maneno yako. Safu ya mwisho iandike "hakuna kumbukumbu" pale ulipotafuta ukakosa, ukitaja ulipotafuta. Kukosekana kwa rekodi si ushahidi kwamba hana msimamo, hasa kwa mgombea mpya aliyetoka ualimu au biashara.

Ukimaliza, mpelekee mgombea nukuu zake kwa maandishi, mpe siku saba, na umuulize jambo moja ambalo nyaraka hazijibu: bado unasimamia hili, na fedha itatoka kifungu gani?