Kadzo, soma ripoti yako ya CRB kabla hujamlipa mtu

Kadzo mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku mara mbili, mama yako akiwa ameshalala. Umepata nyumba Kitengela, vyumba viwili, milioni 5. Benki imekuambia huenda ikakukopesha 4, na wewe unayo moja uliyoiweka akiba tangu uanze kazi. Wakala naye anakuhimiza uweke asilimia 10 wiki hii hii, eti kuna mtu mwingine anaitaka. (Huyo mtu mwingine yupo katika kila nyumba inayouzwa Kenya. Sijawahi kukutana naye.) Kisha ukauliza: "Baba, nitajuaje kama jina langu liko sawa CRB bila kumwaga pesa? Kuna kijana ofisini anasema nimpe 4,500 anisafishie."

Hilo la kijana nalianza mimi, maana ni jepesi. Usimpe. Hakuna mtu wa pembeni anayeweza kufuta kitu CRB, yaani kwenye zile kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Anayepeleka habari kule ni aliyekukopesha, na wa kuirekebisha ni huyo huyo, au kampuni yenyewe ya CRB baada ya kumuuliza. Atakachofanya huyo kijana ni kuchukua nambari ya kitambulisho chako, aombe ripoti ambayo ungeipata mwenyewe bila malipo, aichapishe na kukuletea ndani ya bahasha. Na nambari yako ya kitambulisho itabaki kwenye simu yake.

Sasa sikiliza. Kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kanuni zinakupa haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka kutoka kwa kila moja. Yaani ripoti tatu, na hujatoa hata nauli. Halafu benki ikikukatalia mkopo kwa sababu ya yaliyoandikwa huko, una siku 30 za kudai nakala bure hata kama ile ya mwaka umeshaitumia. Unajisajili kwa simu au kwenye tovuti zao. Metropol wana *433#. Ukiona menyu inakuomba pesa, soma kwanza ni za nini, kwa sababu wanauza vitu vingi na ripoti ya bure haiwekwi mbele ya duka.

Usichanganye ripoti na cheti. Cheti cha CRB ni ile karatasi mliyokuwa mkiifukuzia mkiomba kazi, inayosema huna deni baya. Kwa nyumba, cheti peke yake hakikufai. Benki itafungua ripoti nzima, na wewe unataka uwe umeiona kabla yao. Wala usiogope kuwa ukijiangalia alama zako za ukopaji zitashuka. Kujisomea ya kwako hakukupunguzii kitu.

Najua utakimbilia alama, kwa vile wewe ni mtoto wa mitihani. Metropol wanahesabu kutoka 200 hadi 900. Wengine wana vipimo vyao, kwa hiyo usishtuke ukipata namba tatu zisizofanana, wala usizilinganishe kama matokeo ya darasa moja. Alama ni muhtasari tu. Mimi nilikaa kamati ya mikopo ya SACCO yetu miaka tisa, na tukishaitazama ile namba tulikuwa tunafungua kurasa za ndani, mstari kwa mstari: nani alikukopesha, lini, kiasi gani, kimebaki kiasi gani, ulichelewa siku ngapi. Huko ndiko mtu hukubaliwa au hukataliwa. Ukichelewa siku 90 mkopo unahesabiwa kuwa mbaya, na hata ukiulipa wote, kumbukumbu ya kwamba ulichelewa inabaki miaka mitano tangu siku uliyomaliza kulipa. Itasomeka "umelipwa", lakini itasomeka. Ndiyo maana nacheka nikisikia mtu anasafishwa kwa 4,500.

Anza na mambo madogo. Jina lako liko kama lilivyo kwenye kitambulisho? Nambari ni yako, hakuna tarakimu iliyoruka? Na mikopo yote unaitambua? Kila mkopo wa simu uliowahi kuchukua unaweza kuwa pale, hata ule wa 500 wa kununulia tokeni za umeme usiku. Ni kweli tangu Aprili 2020 Benki Kuu ilizuia watu kulistiwa, yaani kuandikwa CRB kuwa wadaiwa wabaya, kwa deni lililo chini ya 1,000, ikawaondoa pia wale wakopeshaji wa programu za simu waliokuwa hawasimamiwi na mtu. Lakini mstari wa mkopo unaweza kuwapo bila wewe kulistiwa, na ofisa wa benki akiona mikopo ya simu kumi na moja katika mwaka mmoja atajiuliza mshahara wako unaishia tarehe ngapi. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa salio likiisha, ilipe yote sasa, uiache. Usiikope tena mpaka hati ya nyumba itoke.

Kisha HELB, bodi iliyokukopesha karo ya chuo. Hapa ndipo ninapokuhofia zaidi. Ulimaliza chuo, ukakaa nyumbani hapa Mazeras mwaka na nusu huna kazi, na wale watu huanza kudai mwaka mmoja baada ya masomo. Usipolipa wanaongeza faini ya 5,000 kila mwezi. Unasema mwajiri wako wa kwanza alikuwa akikukata kwenye mshahara. Sawa. Alikuwa anapeleka? Kukatwa ni jambo moja, na pesa kufika HELB ni jingine. Ingia kwenye akaunti yako ya HELB uone miezi iliyoingia, uiweke kando ya payslipu zako. Ukikuta pengo, payslipu ndiyo silaha yako, kwa hiyo natumaini hukuzitupa ulipohama Pipeline.

Nikueleze kilichonipata, ambacho hata mama yako hakijui chote.

Mwaka 2018, tulipomzika babu yako mdogo, nilikopa 3,000 kwa simu kutoka benki moja ili niongezee mchango wa jeneza. Wiki ileile simu ikaibwa sokoni Kongowea. Nikanunua laini mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba wako, nisingeweza kuirudisha bila yeye, na yeye alikuwa Lamu. Ule mkopo nikausahau kabisa. Sikudhamiria kumdhulumu mtu. Niliusahau tu, kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye matatu.

2021 nikaomba mkopo SACCO, wa kuezekea mabati nyumba hii. Ofisa, kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, akageuza kioo cha kompyuta ili nione. Mstari mmoja mwekundu: deni la 4,260, siku zaidi ya elfu moja za kuchelewa. Alinyamaza, nami nikanyamaza. Kanuni zinataka mkopeshaji akuarifu siku 30 kabla ya kukulisti. Bila shaka aliarifu. Alituma kwenye laini ambayo mwizi alikuwa ameshaitupa.

Nikalipa siku hiyo hiyo, nikiwa nimesimama kwenye korido. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia, nikauonyesha, nikaenda nyumbani nikiwa mwepesi. Miezi mitatu baadaye nikarudi. Mstari ulikuwa pale pale, 4,260, haukuwa umelipwa. Ile benki ilipokea pesa yangu lakini haikupeleka habari CRB. Ikabidi niende tawini na ule ujumbe, nikae kwenye benchi mpaka saa nane, nipewe barua yenye muhuri inayosema deni limekwisha. Nikaipeleka pamoja na malalamiko ya maandishi kwa kampuni ya CRB, ndipo wakarekebisha. Kwa ule mkopo wa 3,000, mabati yalikaa nje yamefunikwa turubai masika nzima. Unakumbuka ulivyokuja Pasaka ukauliza mbona baba hajaezeka? Nilikuambia nangoja fundi.

Kwa hiyo ukikuta deni ni la kweli, lilipe, chukua barua, halafu baada ya wiki chache angalia tena kama ripoti imebadilika. Ukikuta si lako, usililipe hata kama ni dogo na umechoka, kwa sababu ukishalipa itaonekana umekubali kwamba ulikopa. Lalamika kwa maandishi kwa mkopeshaji na kwa kampuni yenye ripoti, ambatisha nakala, weka tarehe, omba namba ya lalamiko. Haya yote yanakula wiki, pengine miezi. Wakala wako amekupa siku tano.

Ndiyo maana nasema usiweke ile asilimia 10 kwanza. Kwenye nyumba ya milioni 5 ni laki tano, nusu ya akiba yako. Kawaida mkataba wa kuuza huku kwetu unakupa siku 90 za kumalizia, na ukishindwa, muuzaji anaweza kubaki na pesa ya mwanzo. Sasa jiulize: umetoa laki tano, siku ya 60 benki inasema HELB haijakaa sawa, unaanza kufuata barua ofisi kwa ofisi huku siku zinakatika. Mwombe wakili wako (wako, si wa muuzaji) aweke kifungu kwamba benki ikikataa mkopo utarudishiwa. Muuzaji akikataa kifungu hicho, mwache aendelee na yule mtu mwingine.

Umeniuliza pia kama ripoti ikiwa nzuri itakupunguzia gharama au ni mlango tu wa kuingilia. Zamani ningekuambia ni mlango tu. Lile sharti la serikali la kuzuia riba lilidumu kuanzia Septemba 2016 hadi Novemba 2019. Lilipoondolewa, mabenki yakarudi kupanga riba kulingana na wanavyokuona. Nilipiga hesabu jana usiku nyuma ya bahasha ya Kenya Power. Milioni 4 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 14 ni kama 49,700 kwa mwezi. Kwa asilimia 16 ni kama 55,600. Ni tofauti ya karibu 5,900 kila mwezi, na mpaka umalize ni zaidi ya milioni 1.4. Sisemi benki yako itakupa namba hizo. Nataka tu uone asilimia mbili zina uzito gani. Na ukishakuwa na ripoti safi mkononi, usiishie benki moja. Uliza pia benki na SACCO zinazopata fedha kwa KMRC, kampuni inayozikopesha wao pesa za mikopo ya nyumba, maana mikopo hiyo imekuwa ikitolewa chini ya asilimia 10, ila wanaangalia kipato na bei ya nyumba.

La udhamini nalipitia haraka kwa kuwa tumeshagombana juu yake. Ulimdhamini yule mwenzako wa kazini SACCO. Analipa? Usimuulize yeye, uliza SACCO. Akiacha kulipa, akiba yako ya SACCO ndiyo itakayoliwa, na kama milioni yako moja iko humo ndani hutaweza kuitoa siku unayoihitaji.

Jambo la mwisho. Katika ripoti kuna sehemu inayoonyesha nani ameomba kukuangalia na lini. Ukikuta jina la mkopeshaji ambaye hujawahi kumwendea, simama hapo hapo. Huenda kuna mtu anatembea na kitambulisho chako. Nilikuona umepiga picha kitambulisho ukaituma kwenye grupu la WhatsApp la chama ili usajiliwe. Watu arobaini na wawili wamo mle.

Wiki hii mwambie wakala unasubiri karatasi za benki, basi, usimweleze zaidi. Omba ripoti zote tatu. Zikija, usinitumie kwa WhatsApp. Zichapishe, uje nazo kwa treni ya Ijumaa, ushuke Mariakani, nitakuja kukupokea. Mama yako atapika mchicha wa nazi, na mimi nitatafuta miwani yangu na kalamu nyekundu.

Baba yako