Anza na mikono, jina liache mwisho

Ukiletewa sanamu ya jiwe kutoka Java, kisiwa cha Indonesia, mtu ameketi na taji kichwani, usikimbilie kuandika "mfalme" kwenye kadi. Mimi niliandika, wiki yangu ya kwanza katika ghala la makumbusho. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi hakunigombeza. Alizima taa ya juu, akamulika tochi kwa ubavuni, na nyuma ya mabega vikajitokeza vivimbe viwili nilivyodhani ni kasoro za jiwe. Vilikuwa vigutu. Sanamu ilichongwa ikiwa na mikono minne, alama ya mungu, nami nilihesabu miwili.

Kwa hiyo tochi ya pembeni kwanza, kila mara. Sanamu nyingi za huko ni za andesiti, jiwe la volkano lenye vitundu vidogo vidogo, na mvua ya karne nyingi hula nakshi mpaka zisionekane kwa taa ya juu. Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu.

Kisha soma mikono, kilichoshikwa na kiti. Kichwa kije mwisho, maana taji hudanganya: huko miungu ilivishwa vito vya kifalme, na mfalme aliyefariki aliweza kuchongwa kwa umbo la mungu wake. Ukiulizwa ni mungu au ni mfalme, huenda ni wote wawili.

Mtazame Prajnaparamita, sanamu ya karne ya 13 kutoka Singhasari, ufalme wa kale wa Java Mashariki, kimo chake sentimita 126. Ameketi amekunja miguu juu ya yungiyungi, vidole vimekutana kifuani kwa ishara ya kufundisha. Bua la ua limepanda kando ya mkono wa kushoto, na juu ya ua pana kitabu. Kitabu hicho ndicho kinachomtambulisha: ni mungu wa kike wa hekima katika Ubuddha. Wenyeji humwita Ken Dedes, malkia wa kwanza wa Singhasari. Wapo wataalamu wanaomtaja Gayatri, malkia wa Majapahit, ufalme uliofuata. Majina hayo yaandike, ila kwenye mstari wake, ukitaja nani anasema.

Sanamu hiyo ilipelekwa Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 19, ikakaa Leiden, ikarudishwa Indonesia mwaka 1978. Mwaka 2023 zikarudi nyingine za Singhasari, za miungu ya Kihindu Durga na Ganesha zikiwemo. Safari kama hizo huacha alama, kwa hiyo kagua mgongo na chini ya kiti, na namba ya zamani usiifute kamwe. Ile yetu ya mikono minne ilikuwa na namba nyekundu iliyobaki nusu. Niliinakili hivyo hivyo, nusu.