Anaandika "goma" akimaanisha "ngoma"

SWALI
Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka 6 na nusu. Ngoma anaandika "goma", nyumba anaandika "nyuba", na b na d anazichanganya kila siku. Halafu anatumia mkono wa kushoto. Baba yake humwandikisha kila neno alilokosea mara 20. Juzi alilia mpaka daftari likalowa. Je, ni mzito wa kuelewa?
Mama wa mtoto wa kwanza

JIBU
Marahaba, mwanangu. Si mzito hata kidogo. Hayo makosa yake yananionyesha mtoto anayesikiliza. "Goma" hakuibahatisha: g ameisikia, o ameisikia, ma ameiweka mahali pake. Kilichomponyoka ni ile sauti ya puani iliyojibana kwenye g. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 26, na kosa hili nimelikuta kila mwaka, hata kwa watoto waliokuja kuwa wasomaji hodari.

Weka kalamu kando, anza na pua. Mwambie aibane kwa vidole viwili aseme "ba". Itatoka. Sasa aseme "mba", pua ikiwa bado imebanwa. Sauti itakwama, naye atacheka. Aachie pua, aweke kidole juu yake, aseme polepole: nyu-mba. Atahisi inatetema. Mtetemo huo ndio m, na ameipata mwenyewe. Fanyeni hivyo kwa mbuzi, ndege na ngoma. Maneno matatu kwa siku yanatosha. Kisha pigeni makofi kwa silabi. Nyu-mba ni makofi mawili, m-to-to ni matatu, kwa kuwa m ya mtoto inajitegemea na ina kofi lake. Wala usimweleze kwa maneno mengi, mikono yake itamfundisha.

Kuhusu zile mara 20, zungumza na baba yake kwa upole, maana nia yake ni njema. Niliwahi kuketi kando ya mtoto aliyepewa kazi kama hiyo. Alianza na n, akazishusha n zote 20 kutoka juu ya ukurasa hadi chini, akarudi juu akazishusha g, kisha o. Ukurasa ulijaa, lakini neno lenyewe hakuwa ameliandika hata mara moja. Alikuwa anachora safu. Mwanao na alitazame neno, alifunike kwa kiganja, aliandike kwa kukumbuka, halafu afunue alinganishe mwenyewe. Mara mbili tu. Akikosea, msifuni kwanza kwa herufi alizopatia, kisha muulizeni: "Pua inasemaje hapa?"

b na d kwa umri wake ni kawaida. Kikombe, mshikio wake ukiugeuzia kushoto au kulia, bado ni kikombe. Mtoto amezoea hivyo tangu azaliwe, na sasa anaambiwa herufi ikigeuka inabadilika jina! Usizifundishe siku moja. d ianze na mviringo kama a, mkono upande juu, ushuke. b ianze na mti kutoka juu, tumbo lifuate. Aziandike kubwa hewani, kisha mchangani kwa kidole, ndipo ashike penseli. Akivuka miaka 8 bado anazichanganya na kusoma kunamtaabisha, apimwe macho na masikio, na umwone mwalimu wake.

Mkono wa kushoto mwacheni nao. Daftari likae kushoto kidogo ya kifua chake, upande wa juu ukiinamia kulia, na penseli aishike mbali kidogo na ncha ili aone anachoandika.

Na mpeni mtu wa kumwandikia. Leo usiku amwandikie baba yake maneno mawili matatu ya kumtakia usingizi mwema, ayaweke juu ya mto wake. Yakiwa na kosa, baba asiyaguse. Ajibu naye kwa maandishi, na katika jibu lake alitumie neno lile lile, limeandikwa sawasawa, alikute mtoto asubuhi.