Usiite rundo kile ambacho ni diwani

Babu mzaa mama alikuwa malenga. Alipofariki, maandishi yake yalibaki kwenye kona ya chumba cha nyuma, Kirumba, Mwanza, na sote nyumbani tukazoea kusema "lile rundo la babu". Mwaka 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni, karatasi kuukuu zikapata soko, maana wauza karanga na dagaa walizitaka za kufungia. Kijana aliyekuja kutusaidia usafi akauliza rundo liende wapi. Akajibiwa, "Toa tu." Madaftari mawili ya mashairi yakaondoka. Kijana hana kosa. Rundo hutolewa, na jina hilo tulilitoa sisi.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyerithi maandishi ya mzee wako: kabla hujatafuta boksi, tafuta jina. Mashairi ya mtu mmoja yakikusanywa pamoja ni diwani, hata kama yameandikwa kwa penseli kwenye daftari la shule. Neno lenyewe lina heshima. Kwa Waajemi na Waarabu lilihusu daftari la serikali, kisha ofisi na baraza, ndiyo maana hata mwakilishi wa kata tunamwita diwani. Mashairi ya watu wengi ni mkusanyiko. Wasomi husema antholojia. Barua zifunge kamba, ziwe bunda. Karatasi za kiwanja ziwekee jalada.

Linalonigusa zaidi ni mswada, yaani kazi ambayo bado haijachapishwa. Hapo ng'ambo tu, kisiwani Ukerewe, mwandishi Aniceti Kitereza alimaliza mswada wa riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Akaja kuutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980. Miaka 35! Karatasi ngapi zimeliwa na mchwa kwa muda mfupi kuliko huo, kwa sababu tu mwenye nyumba aliziita makaratasi?

Ya babu yamebaki madaftari matatu. Alikuwa akiyapa namba, nami nimeyaandika majaladani kwa wino mzito: Diwani ya Babu, juzuu ya kwanza, ya tatu, ya nne. Kwenye rafu nimeacha nafasi ya juzuu ya pili, na nyingine mwishoni ya juzuu ya tano. Watoto wakiuliza mbona pana pengo, nawaeleza.