Ziwa Ngozi kwa baiskeli kutoka Mbeya, kwenda na kurudi siku moja

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kutoka Mbeya mjini asubuhi na baiskeli, akalizunguka Ziwa Ngozi na kurudi kabla ya giza. Kwenda na kurudi inawezekana, mimi na rafiki yangu tulifanya hivyo mwezi wa nane. Kulizunguka, sahau. Ngozi ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, limekaa kama maji ndani ya chungu, kuta zimesimama pande zote, na njia wanayopita watu inaishia juu ukingoni. Baiskeli inakufikisha chini ya msitu tu. Kuanzia hapo ni miguu yako.

Tulitoka saa kumi na mbili kasoro. Fanya hivyo hivyo, maana kipande cha mjini hadi Uyole kina malori ya kwenda Tunduma mpakani na daladala zisizojua kuna kiumbe anaitwa mwendesha baiskeli. Uyole unakata kulia, barabara ya Tukuyu, na hapo ndipo kazi inapoanza. Ni lami nzuri lakini kilomita ishirini na kitu karibu zote ni mlima. Baridi ya milima hii ya Uporoto usiifanyie mzaha. Mimi nilivaa fulana na koti jepesi nikajuta mpaka jua lilipochomoza. Pembeni ni mashamba ya viazi, kabichi na pareto, na magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, yamepangwa kusubiri malori. Kijana mmoja alitupita akiwa anaisukuma baiskeli yake ya Phoenix isiyo na gia, ina gunia la viazi. Sisi tulikuwa tumezipanda zetu, zina gia ishirini na moja. Akina mama waliokuwa shambani wakatupa "ndaga!", neno la Kinyakyusa la kushukuru, na kwa jinsi tulivyokuwa tunahema nadhani ilikuwa ya pole.

Kijijini Isongole tulikunywa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, kisha tukaingia njia ya vumbi kuelekea mlimani. Kiangazi inapitika, ila kuna sehemu tulishuka tukasukuma. Masika sikushauri kabisa, udongo ule ukilowa unajaa kwenye matairi mpaka hayazunguki. Msitu ni wa hifadhi, kwa hiyo kuna kiingilio. Lipa, dai risiti. Baiskeli tuliziacha nyumbani kwa mzee mmoja jirani kwa makubaliano ya soda mbili, tukachukua kijana wa kutuongoza.

Sasa msituni. Watu wengi husema ni saa moja tu, na kweli ni kama saa moja, lakini baada ya baiskeli mapaja yalikuwa yameshakufa. Mwanzoni njia imelala, miti mirefu, migomba mwitu mikubwa kuliko ya Tukuyu yenyewe, kisha mianzi. Halafu inasimama ghafla na unapanda kwa kushika mizizi. Hata kiangazi kuna utelezi kwa sababu jua halifiki chini. Yule kijana ndiye aliyemwona kinyonga wa pembe tatu kwenye tawi, mimi ningempita. Huyo ni wa milima hii ya kwetu, huko kwingine humkuti. Mbega tuliwasikia tu.

Ukifika juu hakuna dalili yoyote ya ziwa, majani tu, hatua mbili tatu zaidi na linatokea chini yako lote kwa mara moja. Kijani kizito, limetulia, urefu kama kilomita mbili na nusu, na huoni mto unaotoka. Ila sisi tulifika likiwa limefunikwa na ukungu, tukakaa dakika arobaini tukila ndizi huku kijana akitusimulia dhahabu ya Wajerumani iliyozamishwa humo (kila ziwa la milimani lina dhahabu ya Wajerumani, sijui walibakiwa na nini). Ukungu ukafunguka robo saa, ukafunga tena. Kwa hiyo usiwe na haraka ya kushuka. Rafiki yangu alitaka kuteremka hadi kwenye maji, kijana akakataa, nami nikamuunga mkono: ukuta ule ni mkali na ulikuwa umelowa.

Kurudi ndiko kulikonitisha. Kutoka Isongole ni mteremko karibu mpaka Uyole, manyunyu yakaanza, na baiskeli yangu ilikuwa ya kukodi. Asubuhi sikukagua raba za breki kwa sababu kwenye mlima huzihitaji. Kona ya tatu nikabana breki, mlio ukawa wa chuma kwa chuma, nikamalizia kwa soli za viatu kwenye mtaro. Nilichubuka goti tu, lakini nyuma yangu kulikuwa na lori la mbao. Kilomita kadhaa zilizobaki za mteremko nilizitembea nikikokota baiskeli, na Uyole tukafika saa kumi na moja na nusu. Fundi wa pale alizitoa zile raba, akazitazama, akamwonyesha mwenzake wakacheka, ndipo akaniuliza, "Hii uliikodi wewe mwenyewe au ulipewa?"