Tela la tipa: angalia unakomwaga kabla ya kuangalia mzani

Vijana wa kwetu wanaoingia kwenye kazi ya kokoto hapa Texas huniuliza swali moja: "Kaka, ninunue tela lenye chasisi au lisilo na chasisi?" Wengi wao wanakuwa wameshajijibu. Wameona yasiyo na chasisi yamejaa barabara ya 114, yakitoka machimbo ya Bridgeport kwenda Dallas, basi wanataka nibariki tu.

Mimi malori niliyaanzia Kunduchi, utingo wa tipa. Kule bodi imekalia chasisi, jeki inasukuma, mzigo unateremka kwa nyuma na gari limetulia palepale. Nilipofika huku nikaona tela ambalo chini yake katikati ni hewa tupu, nilidhani limeng'olewa kitu. Kumbe bodi yenyewe ndiyo mwili wote: mbele imeshikwa na hosi, yaani kichwa cha lori kinachovuta, nyuma imekalia ekseli. Ukilinyanyua, mbele inapanda na matairi ya nyuma yanabiringika kuifuata hosi, kama kiwavi anavyojikunja ili asogee. Kwa hiyo unafunga breki za hosi, unaachia za tela. Ukisahau, jeki inashindana na breki zako mwenyewe, na bei ya jeki utaambiwa gereji.

Sifa yake kubwa ni wepesi. Kwenye barabara kuu za Marekani, gari na mzigo kwa jumla mwisho ni pauni 80,000, yaani kama tani 36 za kwetu. Chuma usichokibeba unakibeba kama mawe. Tela langu lilikuwa jepesi kuliko la mwenzangu kwa karibu pauni 2,000, nayo ni tani moja kamili kwa hesabu ya Wamarekani. Tunalipwa kwa tani. Safari tano kwa siku, tani tano za ziada. Hesabu hiyo ndiyo iliyoniingiza.

Haikuniambia kitu kuhusu matope.

Ilikuwa kwenye eneo la nyumba mpya, siku mbili baada ya mvua. Msimamizi akaninyooshea kidole: mwaga pale. Juu palikuwa pamekauka vizuri, pana hata nyufa. Nilikuwa nimebeba udongo wa mfinyanzi, si kokoto, na udongo ule una tabia ya kuganda kwenye kona ya mbele. Bodi ikapanda, ikapanda, mlango wa nyuma umefunguka, hakitoki kitu. Matairi ya kushoto hayakubiringika, yalizama. Kwenye kioo nikaona mstari wa juu wa bodi umeuacha mstari wa paa za nyumba za nyuma yake, polepole tu, bila kelele. Nilishusha. Mkono ulikuwa kwenye kishikio tangu mwanzo, ndiyo maana nilishusha. Wapo wanaonyanyua halafu wanatoka nje kuvuta sigara.

Tela la chasisi nalo huanguka, asikudanganye mtu. Ila matairi yake yanabaki yalipo wakati wa kumwaga, chasisi inasaidia kuizuia bodi isijipinde, na kwenye kazi ya kutandaza kifusi unaweza kusogea mbele taratibu huku unamwaga. Lisilo na chasisi usilivute likiwa juu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama lodi zako ni za kupeleka mawe na mchanga kwenye viwanda vya zege, sakafu ngumu, tambarare, chukua lisilo na chasisi na ule hiyo tani yako. Kama utaingia viwanja vya ujenzi, kujaza mashimo, kubeba vifusi vya kuta na nondo, kubali uzito, nunua la chasisi. Wenye kazi zote mbili ndio wenye shida. Mimi niliacha udongo nikabaki na kokoto.

Ukinunua la mkono wa pili, lisilo na chasisi likague kama unaoa. Sakafu yake ikiliwa, hakuna fremu ya kuokoa. Ingia chini na tochi, fuata viungo vya kuchomelea kuanzia jeki inaposhika bodi, tafuta mstari mwembamba wa kutu. Rangi mpya sehemu hiyo tu? Ondoka.

Nikifika pa kumwaga, chupa ya maji iliyobaki nusu nailaza juu ya dashibodi. Maji yakikimbilia upande mmoja, natafuta sehemu nyingine, hata msimamizi akinuna. Halafu natazama nyaya za umeme juu, nahakikisha hakuna mtu ubavuni, nafunga mkanda. Gari likianza kulala huna mbio za kulishinda. Baki kwenye kiti.

Siku hizi nikipigiwa simu ya kazi, bei naiuliza ya tatu. Kwanza nauliza ni mzigo gani, halafu mvua imenyesha lini huko.