Shangazi, niwape dawa wanangu walale safarini?

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, wa kike miaka sita, wa kiume mitatu. Mwaka jana tulipanda basi Dar hadi Mbeya. Mkubwa alitazama katuni kwenye simu mpaka tulipofika Kitonga akanitapikia. Mdogo alilia na kupiga mateke kiti cha mbele, baba mmoja akaniambia nimeshindwa kulea. Lodge nako walirukaruka kitandani hadi wa chumba cha pili akagonga ukuta. Juni tunarudi kwa harusi ya shemeji yangu, tutalala lodge siku tatu. Jirani ananishauri niwape Piriton walale. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Mbagala*

Marahaba, mwanangu.

Dawa usiwape. Piriton ni ya mzio na mafua, haikutengenezwa kumnyamazisha mtoto. Wapo watoto ambao wakiinywa ndiyo kwanza wanachangamka, na ukizidisha kipimo kwa wa miaka mitatu unaweza kumtia matatani hadi kupumua kwake, nawe uko katikati ya pori.

Kuhusu kutapika, usiilaumu Kitonga peke yake. Macho yameganda kwenye simu, mwili unayumbishwa na kona: kichwa kinachanganyikiwa, tumbo linajibu. Simu itoe baadaye, mkishapita Makambako. Asubuhi wape chai na mkate tu, supu ya mbuzi isubiri. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, beba kopo lenye mfuniko, khanga kuukuu na maji ya kunawa.

Sasa hizo saa nyingine zote. Mtoto haelewi kilomita mia nane na ushee. Anaelewa kutoka hapa hadi pale, kwa hiyo ikate safari vipande, kila kipande na shughuli yake. Hadi Morogoro waache walale, mmeamka usiku. Mikumi barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi na dereva hawezi kukimbia. Hapo mpe mkubwa kuhesabu twiga, mdogo nyani. Wakigombania pundamilia, shukuru Mungu, hawalii.

Mkifika Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu watakuja dirishani. Mwanangu wa pili alipokuwa wa miaka minne nilimwachia ndiye aulize bei. Akauliza vitunguu, akauliza karanga, halafu akamuuliza yule kijana, "Na kofia yako shilingi ngapi?" Basi zima lilicheka, na yeye akakaa ametulia hadi Iringa akiwaza ile kofia.

Baada ya Iringa kila mtu amechoka. Hapo ndipo pa vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango" atakibahatisha hata wa miaka mitatu, hasa ukiwa umeshika yai la kuchemsha. Basi likisimama watu wachimbe dawa, shuka nao hata kama wanasema hawana haja, wakimbie kidogo, ila mkono wa mdogo usiuachie. Pale malori hayana subira.

Yule baba msamehe, kisha msahau. Nahisi nusu ya taabu yako ilikuwa macho ya abiria. Safari hii mkalishe mdogo dirishani, miguu yake iwe mbele yako, na mtu wa kiti cha mbele umsalimie mapema. Aliyesalimiwa huvumilia zaidi.

Lodge, omba chumba cha chini kinachotazama uani. Kabla hujafungua begi, kagua soketi, madirisha na bomba la maji ya moto. Kisha watoe nje. Vizibo vya soda kumi vinatosha kwa mchana mzima, na mkubwa umri wake ni wa kufundishwa mdako. Jioni Mbeya ya Juni ni baridi kweli, hawatakaa nje, kwa hiyo tandika khanga sakafuni, nyingine funga kati ya viti viwili iwe nyumba yao. Chandarua wasikiguse, utalipishwa. Kurukaruka kuna saa yake, kabla ya kuoga. Wakishaoga, kitanda ni cha kulala.

Na harusini huko, mkubwa mkabidhi kwa bibi yake apewe kazi ya kugawa leso za karatasi. Wa miaka mitatu huyo ni wako, utacheza naye mgongoni.